Pwani ipi ya Unguja inawafaa watu waliokulia ziwani?

Mwalimu wa Gungu, Kigoma

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma. Kwa miaka 3 mfululizo mimi na mke wangu tumekuwa tukiweka akiba kidogo kidogo ili likizo ya Desemba tuipeleke familia yetu Unguja kwa wiki moja. Tutakuwa watu 5: sisi wawili, watoto wetu wenye umri wa miaka 11 na 7, pamoja na mama yangu mzazi mwenye miaka 67, ambaye alizaliwa Ujiji, akaolewa Ujiji, na hajawahi kuiona bahari hata siku moja. Safari yenyewe tumekwisha kuipanga: tutapanda treni ya reli ya kati hadi Dar es Salaam, kisha tutavuka kwa boti. Kilichobaki ni kuchagua pwani, na hapo ndipo tulipokwama.

Mwanzoni nilidhani kazi hiyo ni nyepesi, kwa kuwa katika picha kila pwani ya Unguja ina mchanga mweupe, minazi iliyoinama na maji ya rangi ya feruzi. Kilichonitia wasiwasi ni simulizi ya mwenzangu wa kazini aliyekwenda mwaka jana. Alilipia chumba kinachotazama bahari upande wa mashariki wa kisiwa, akaamka asubuhi akiwa na taulo begani, akakuta maji hayapo. Mbele yake palikuwa na mchanga uliolowa, nyasi za baharini na vidimbwi, na wanawake walikuwa wakitembea mahali alipotarajia kuogelea, huku mawimbi yakionekana kwa mbali kama uzi mweupe. Alikaa siku 4 akiamini kwamba ametapeliwa.

Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Tanganyika hatulifahamu jambo hilo. Ziwa letu ukiliacha jioni kwenye jiwe fulani, asubuhi utalikuta kwenye jiwe lile lile. Ni kweli kwamba miaka ya karibuni maji yalipanda yakameza sehemu za ufukwe, lakini yalichukua miezi mingi kufanya hivyo, si saa sita.

Naomba basi mnisaidie mnaoifahamu bahari. Watoto wanaogelea vizuri na wangependa kuingia majini wakati wowote. Mke wangu hajui kuogelea, ila anafurahia maji ya kiunoni yaliyotulia. Mama ana maumivu ya magoti, hawezi kutembea mwendo mrefu wala kupanda ngazi nyingi, na ameniambia kwamba yeye haja yake ni kukaa kivulini na kuitazama bahari mpaka aishibe. Majina niliyoyasikia ni Nungwi, Kendwa, Matemwe, Kiwengwa, Paje, Jambiani na Kizimkazi. Je, ni ipi kati ya hizo itakayotufaa katika mwezi wa Desemba, na kwa sababu gani?

Binti Makunduchi, Kigoma

Mwalimu, salaam, na unifikishie shikamoo kwa mama. Mimi nilizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, nikaletwa Kigoma na ndoa, na huu ni mwaka wa 12 nakula migebuka ya hapa. Nimefurahi sana kuliona swali lako, kwa sababu watu wengi huuliza pwani ipi ni nzuri bila kuuliza ni nzuri saa ngapi.

Mwenzako hakutapeliwa na mtu. Alifika maji yamekupwa, na hakuna aliyemweleza kwamba yatarudi jioni ile ile. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika usiku na mchana mmoja, na kutoka kujaa hadi kupwa hupita saa sita na dakika chache. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika kama 50, kiasi kwamba pwani uliyoiona imekauka saa tano asubuhi wiki hii, wiki ijayo saa hiyo hiyo utaikuta imejaa maji.

Zaidi ya hapo kuna bamvua na maji mafu, na hapa ningependa ukawatazame wavuvi wa Kibirizi. Wewe ni mtu wa Kigoma, kwa hiyo unajua kwamba wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa hupumzika kwa kuwa dagaa hawaifuati taa vizuri. Basi hesabu hiyo hiyo ya mwezi mnayoitumia kwa dagaa ndiyo inayoitawala bahari. Mwezi unapokuwa mpevu, na vilevile unapoandama, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kimo cha juu na cha chini huweza kukaribia mita 4. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Katika pwani yetu ya Unguja, siku za bamvua bahari hukauka karibu na saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa karibu na saa kumi au saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka, ukapata maji ya kutosha asubuhi hiyo hiyo ambayo wiki iliyotangulia ilikuwa kavu. Naamini mwenzako alifika katika bamvua, akaamka kwa kuchelewa kidogo, akaikuta bahari iko mwambani.

Sasa tuje kwenye umbo la kisiwa, maana bamvua haizitendei pwani zote sawa. Upande wote wa mashariki, tangu Matemwe, Kiwengwa na Pongwe, ukishuka Bwejuu, Paje na Jambiani hadi kwetu Makunduchi, umezungushiwa mwamba wa matumbawe ulio mbali na nchi kavu. Kati ya mwamba na mchanga pana uwanda mpana wenye kina kidogo, na maji yanapokupwa uwanda huo hubaki wazi, mahali pengine kwa umbali wa kilomita nzima au zaidi. Mwamba huo ndio unaoyavunja mawimbi makubwa ya bahari kuu, kwa hiyo maji yakiwa yamejaa ndani yake huwa matulivu na yenye rangi ile uliyoiona katika picha. Picha hizo si za uongo. Aliyezipiga alikuwa na subira ya kungoja maji.

Upande wa kaskazini hali ni tofauti. Kendwa, na ile sehemu ya Nungwi inayotazama magharibi, zina kina karibu na ufukwe, hivyo hata maji yakipwa unatembea hatua chache tu unapata mahali pa kuogelea. Nasema sehemu ya Nungwi inayotazama magharibi kwa makusudi, kwa sababu ukizunguka rasi ukaenda upande wake wa mashariki utayakuta yale yale yaliyompata mwenzako. Anayekupangia chumba akikuambia tu kwamba nyumba iko Nungwi, muulize inatazama wapi. Swali hilo moja lina thamani kuliko picha kumi.

Kuhusu Desemba: wakati huo upepo wa kaskazi unaanza kushika na vuli inaelekea kwisha, ingawa mvua moja mbili zinaweza kuwakuta. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, hivyo pwani zinazoelekea huko, kama Matemwe na Kiwengwa, hupata mawimbi madogo madogo na nyasi za baharini zinazosukumwa ufukweni. Kendwa imeupa upepo huo mgongo. Ungesafiri Juni au Julai, wakati wa kusi, ningekueleza mengine, kwa kuwa kusi huupiga upande wa kusini mashariki kwa nguvu, na ndiyo maana wale wanaoteleza juu ya maji kwa tiara kubwa hupapenda Paje.

Kwa watoto wanaotaka kuogelea wakati wowote, kwa mke asiyejua kuogelea, na kwa mama asiyeweza kutembea mbali, jibu langu ni Kendwa. Nungwi ni kijiji kikubwa zaidi, chenye mafundi wanaounda majahazi na mashua ufukweni kwa misumeno na mashoka, na kuna bwawa la kasa kule Mnarani, kwa hiyo watoto wanaweza kwenda kutembea huko mchana mmoja. Jihadharini na jambo moja: siku zilizo karibu na mwezi mpevu, Kendwa huwa na sherehe ya muziki ufukweni inayoendelea hadi usiku mkubwa. Mama hatapumzika.

Kizimkazi iache kwa safari nyingine. Ni kijiji chenye heshima yake, kina msikiti wa kale wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107, na watu huenda kutazama pomboo, lakini kwa wiki moja na mzee mwenye maumivu ya magoti, kupanda na kushuka kwenye boti ndogo ni taabu isiyo ya lazima.

Asali ya Miombo, Tabora

Nampongeza dada wa Makunduchi kwa maelezo yake, nami nayakubali karibu yote, ila naona mazungumzo yameganda Unguja kana kwamba visiwa vingine havipo. Mimi ninauza asali hapa Tabora, na biashara imenipeleka pwani mara kadhaa. Nimekwisha kufika Pemba mara 2 na Mafia mara 1.

Mtu akiniuliza ni pwani ipi nzuri kuliko zote nilizoziona, nitamjibu Vumawimbi bila kusita. Iko ncha ya kaskazini ya Pemba, na ili uifikie unapita ndani ya msitu wa Ngezi, msitu mnene wenye unyevu na miti mirefu, kiasi kwamba mtu aliyezoea miombo yetu ya Tabora, ambako jua hupenya kila mahali, anajiona ameingia chumba chenye giza. Kisha msitu unakatika ghafla, na mbele yako unakuta mchanga mweupe usio na mwisho na bahari tupu. Siku niliyofika kulikuwa na wavuvi watatu wakitengeneza wavu, na mimi. Nilikaa hapo tangu adhuhuri hadi alasiri bila kutamani kitu kingine chochote.

Kisiwa cha Misali nacho, magharibi ya Chake Chake, kina ufukwe mzuri na matumbawe ambayo unayaona ukiwa umesimama tu majini. Wapemba husimulia kwamba Nabii Hadhir alipofika hapo aliomba msala wa kuswalia, ukakosekana, naye akasema kwamba kisiwa chenyewe kingekuwa msala wake, na ndipo kikapata jina. Naitaja simulizi hiyo kwa sababu wavuvi wenyewe wanakiheshimu kisiwa hicho, na mgeni anayeijua huingia kwa adabu zaidi.

Mafia ni habari nyingine. Huko mtu huenda kwa ajili ya yaliyomo majini kuliko kwa ajili ya mchanga. Hifadhi ya bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini, na kati ya Oktoba na Machi papa potwe hukaribia Kilindoni, samaki wakubwa kuliko wote duniani na wasiomdhuru mtu. Lakini ufukwe wa Utende una mikoko na maji hupwa sana, na kuvuka kutoka Nyamisati si safari ya kumpeleka mama mwenye magoti mabovu.

Kwa hiyo, Mwalimu, kwa familia yako nami nasema Unguja. Ila ukipata nafasi siku nyingine, ukiwa na mkeo peke yenu, nendeni Pemba.

Neno langu la mwisho ni la tahadhari. Mwezi wa Julai mmoja nilikodi boti kutoka Matemwe kwenda kuogelea kwenye matumbawe ya Mnemba. Mwenye boti aliona kusi limekaza, akakaa kimya kwa kuwa fedha alikwisha kuipokea. Nilitapika kwenda na kurudi, na mtoto wa abiria mwenzangu alilia njia nzima. Kisiwa chenyewe kimetengwa kwa wageni wa hoteli iliyopo hapo, hivyo wengine wote hawashuki ufukweni, bali huogelea kandokando yake. Matumbawe ni mazuri sana, sikatai, lakini kabla ya kulipa mtazame mzee wa kijiji anayekaa ufukweni na umuulize yeye kama angemruhusu mjukuu wake atoke siku hiyo.

Mjukuu wa Ujiji, Kigoma

Mwalimu, mimi si mjuzi wa bahari kama waliotangulia, lakini ni mtu wa Ujiji kama mama yako, na nina mambo mawili ambayo sijaona yakitajwa.

La kwanza ni maandalizi. Mnayo miezi kadhaa mbele yenu, nanyi mnakaa mji ambao una maji angavu mlangoni. Wapeleke watoto fukwe za Jakobsen, kule Katabe, uwanunulie miwani ya majini na bomba la kupumulia, wajifunze kuweka uso ndani ya maji na kupumua taratibu mahali ambapo wanasikia usalama. Ziwa letu lina aina nyingi za samaki wadogo wa mawe, wa manjano, wa buluu na wenye mistari, ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, na mtoto aliyejifunza kutulia akiwatazama hao atajua namna ya kutulia mbele ya samaki wa matumbawe. Waambie tu kwamba mambo mawili yatabadilika. Maji ya chumvi humwinua mtu zaidi kuliko maji baridi, kwa hiyo watajiona wepesi. Na yakiingia machoni au kinywani huwasha, kwa hiyo wasishtuke.

La pili linamhusu mama, na hapa namwomba radhi dada wa Makunduchi, kwa sababu sikubaliani naye kwamba Kendwa peke yake inatosha. Kendwa inatazama magharibi, na sifa yake kubwa ni jua linapozama baharini. Lakini mama yako, kama bibi yangu, ameishi maisha yake yote akilitazama jua likizama ng'ambo ya maji, nyuma ya milima ya Kongo. Ujiji nzima tumekua hivyo: maji yako upande wa machweo, na jua hutokea nyuma yetu, juu ya nyumba na miembe. Hajawahi hata mara moja kuliona jua likitoka majini. Mkimpeleka Kendwa atayaona yale yale aliyoyaona tangu utotoni, tofauti ikiwa ni chumvi tu. Mkimpeleka mashariki akakaa kitini kabla ya alfajiri, ataona kitu ambacho Ujiji haiwezi kumpa.

Nawe zingatia kwamba sisi na Unguja tunafuata majira ya saa yale yale, ilhali wao wako mashariki yetu kwa mbali. Jua lao huchomoza kama dakika 40 kabla ya letu. Atakayeamka kwa mazoea ya Kigoma atalikuta limekwisha kupanda.

Mwalimu wa Gungu, Kigoma

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Ndugu wa Ujiji, maneno yako kuhusu jua nilimsomea mama jana usiku. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama kweli linatoka majini kabisa au linatoka nyuma ya kisiwa kingine. Nilimjibu kwamba, kwa ramani ninayoifundisha darasani, mbele ya pwani ile hakuna nchi kavu kwa mwendo mrefu sana. Tangu hapo hana neno jingine.

Basi swali langu kwa dada wa Makunduchi limebadilika. Tuna siku 7 za kukaa kisiwani. Je, inawezekana kuzigawa kati ya mashariki na kaskazini bila kumchosha mzee, na bila kurudia yaliyompata mwenzangu? Na kama inawezekana, tuanze wapi? Kwa sasa tarehe zetu bado zinaweza kusogezwa kwa siku chache, mradi shule ziwe zimefungwa.

Binti Makunduchi, Kigoma

Ndugu yangu wa Ujiji ameniweza, nami nakubali bila kinyongo. Nilizaliwa nikiliona jua likitoka baharini kila siku, na pengine ndiyo sababu sikukumbuka kwamba kuna mtu anayeweza kulikosa.

Inawezekana, Mwalimu, na kwa kuwa tarehe zenu zinasogea, tumieni mwezi. Fungua kalenda, utafute mwezi mpevu wa Desemba, kisha mfike Unguja siku 1 baada yake. Lala kwanza usiku 3 upande wa mashariki. Nachagua Jambiani badala ya Paje kwa sababu Paje ina vijana wengi na shughuli nyingi za michezo ya upepo, ilhali Jambiani ni kijiji kirefu kilichojipanga kando ya mchanga, nyumba za wageni zimechanganyika na za wenyeji, na sauti kubwa utakayoisikia alfajiri ni ya adhana na jogoo.

Sababu ya kuhesabu siku hizo ni hii. Siku yenyewe ya mwezi mpevu maji hujaa kama saa kumi alfajiri, kukiwa bado giza. Yakisogea kila siku, pungufu kidogo ya ule wastani nilioueleza kwa kuwa ni siku za bamvua, kufikia siku ya pili, ya tatu na ya nne yatakuwa yakijaa kati ya saa kumi na moja na nusu na saa moja kasoro, yaani wakati ule ule wa mapambazuko. Mama atakaa chini ya banda la makuti, maji yakiwa hatua chache kutoka miguuni pake, na jua litatoka juu ya maji yaliyojaa badala ya kutoka juu ya uwanda mtupu. Mwezi ukishakuwa nyuma siku 5 au 6, nafasi hiyo inapita, kwa sababu alfajiri maji yatakuwa bado hayajafika. Wekeni kiti chake tayari tangu saa kumi na moja na nusu.

Watoto waogelee wakati huo, tangu mapambazuko hadi kama saa mbili. Kisha maji yataondoka, nanyi msiyakasirikie yanapoondoka, kwa sababu huo ndio wakati wa kuona kilichoko chini. Vaeni viatu vya plastiki vinavyoshika mguu, vile vya yeboyebo, kwa kuwa kandambili huchomoka, na kwenye mawe kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayovunjikia ndani ya nyayo. Tembeeni na watoto taratibu, mtaona viti vya pweza, wale viumbe wekundu wenye umbo la nyota, majongoo bahari, kaa, na samaki wadogo walionaswa kwenye vidimbwi. Msiwatoe majini, na msitembee juu ya matumbawe. Rudini kabla jua halijawa kali, na mkae macho kwa sababu maji yakianza kurudi huingia kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yenu.

Huko mtawakuta wanawake wa mwani. Kilimo hicho kilianza pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wengi ni akina mama. Hupiga vigingi mchangani, hufunga kamba kati yake na kuning'iniza vipande vya mwani, na kazi yao hufanyika maji yanapokuwa yamekupwa, hasa katika bamvua. Mama yangu alisomesha watoto 3 kwa kamba hizo. Kwa hiyo nakuombeni jambo hili kwa dhati: msikanyage kamba, msiwapige picha bila kuwaomba, na msalimieni kila mmoja kama mnavyosalimiana mtaani Gungu. Mkisalimia vizuri, mtaelezwa mambo ambayo hakuna kitabu kitakachowaeleza. Mwenzako alikuwa amesimama mbele ya shamba la mtu bila kujua.

Baada ya hapo hamieni Kendwa kwa usiku 4 zilizobaki. Mtafika mwezi ukiwa unaelekea nusu, sherehe ya mwezi mpevu imekwisha, na maji mafu yanaingia. Bahari haitapanda sana wala kushuka sana, mkeo atapata maji yake ya kiunoni tangu asubuhi, na watoto wataogelea watakavyo. Waogelee tu pale watu wengine walipo, na msiwaruhusu kwenda karibu na mlango wowote wa mwamba maji yanapotoka, kwa kuwa mkondo huwa na nguvu hata kama juu pametulia. Mchanga wa huko mama anaweza kuukanyaga pekupeku hata mchana, maana hauchomi kama wetu wa hapa. Mchanga huo umetokana na matumbawe na makombe yaliyosagika, na sehemu yake husagwa na pono, samaki anayetafuna mwamba ili kula kilichomo, kisha akautoa ukiwa mchanga.

Daladala namba 309 huenda Jambiani na namba 116 huenda Nungwi, zote kutoka mjini. Lakini kwa siku ya kuhama kutoka Jambiani kwenda Kendwa kodini gari moja la familia. Mtapita karibu na mji, na mama ataweza kupumzika njiani. Kila mmoja wenu awe na kitambulisho, kwa kuwa mtaulizwa mnapokata tiketi za boti, na mnapotafuta chumba semeni tangu mwanzo kwamba mnataka bei ya Mtanzania, kwa sababu mahali pengi hutofautisha. Mavazi sina haja ya kumweleza mtu wa Ujiji: ufukweni wageni huvaa wapendavyo, ndani ya kijiji khanga ya pili haiachwi nyumbani.

Joto la Desemba huko ni zito kuliko letu, maana sisi tuko juu kwa mita zaidi ya 700 na wao wako usawa wa bahari, na unyevu ni mwingi. Mama anywe maji mara kwa mara na alale mchana.

Mwalimu wa Gungu, Kigoma

Nimeifungua kalenda na kuhesabu kama ulivyoeleza, na siku zinaangukia baada ya shule kufungwa. Tutaanza Jambiani. Jumamosi hii nawapeleka watoto Katabe na miwani yao, na mama amesema atakuja kuwatazama. Kuhusu kiti cha saa kumi na moja na nusu, ameniambia nisihangaike kumwamsha, kwani atakuwa hajalala.